Kutambua uyoga mdogo wa msitu wa paina: mwongozo kwa mtu wa Dar

Kila msimu wa mvua picha ninayotumiwa ni ileile: kofia ndogo ya kahawia, sindano kavu za paina pembeni, imepigwa kutoka juu, na chini yake maneno mawili tu: "Huu unaliwa?" Mtumaji yuko matembezi Lushoto, au amepita Mafinga kikazi, na kesho yake anarudi Dar na mfuko. Jibu langu halibadiliki: usile. Ila ukiuliza "Huu ni uyoga gani?" tunaweza kuzungumza, maana swali hilo linajibika, angalau hadi kwenye ukoo wake, na mtu wa Mbagala au Tegeta anaweza kujifunza kulijibu bila kukanyaga darasa la botania.

Mwongozo huu ni wa kutambua, si wa kupika. Anayetafuta mboga kuna uyoga mamama wa kulimwa sokoni, ameshamaliza.

Kwanza tuelewane kuhusu msitu

Dar yenyewe haina msitu wa misonobari, yaani paina. Ile miti ya ufukweni yenye majani membamba yanayovuma upepo ukipita, kuanzia Kigamboni hadi Kunduchi, ni mivinje. Mvinje hauna udugu na msonobari. Okota kile kinachofanana na sindano, kivute taratibu: kitaachana kwenye viungo vidogo vidogo, kwa sababu ni kijitawi, na majani yenyewe ni yale magamba madogo yanayozunguka kila kiungo. Sindano ya msonobari haina viungo. Kwa hiyo uyoga uliouona chini ya mvinje Coco Beach usiutafute kwenye orodha ya uyoga wa paina.

Paina tunayoijua sisi wa Dar ni mbao: za kenchi, za Keko, za Buguruni. Miti yenyewe iko mbali, kwenye mashamba ya Serikali kama Sao Hill kule Mufindi na Shume kule Lushoto, na kwenye maelfu ya mashamba ya watu binafsi nyanda za juu kusini. Mashamba ya Serikali yako chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Usiingie tu kwa sababu hakuna geti; pitia ofisi ya shamba, eleza unachotaka, pata ruhusa. Wakati wa kiangazi mgeni anayezurura ndani ya paina hushukiwa moto kabla hajashukiwa kitu kingine, na wana haki.

Jambo la pili ndilo kiini cha mwongozo wote. Msonobari si mti wa kwetu. Pinus patula, ule wenye sindano ndefu zinazoning'inia, asili yake ni Mexico, na ulipandwa huku karne iliyopita. Mti huu haukui vizuri bila kuvu fulani wanaoishi kwenye mizizi yake: kuvu huupa mti maji na fosforasi, mti huwapa kuvu sukari. Sehemu nyingi za tropiki, miche ya mwanzo ilidumaa na kugeuka njano mpaka udongo wa chini ya misonobari mikubwa ulipoletwa na kuchanganywa kitaluni. Mti ulihama na kuvu wake.

Sasa fikiria maana yake kwa anayeokota. Bibi wa Kihehe au wa Kibena anaujua uyoga wa miombo kuliko mtaalamu yeyote. Ujuzi huo umepita vizazi vingi, na ule uyoga unaouzwa kwa ndoo kando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya ni matokeo yake. Lakini shamba la paina limeingia juzi. Mtu anayekwambia "huu tunakula tangu zamani" anaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu uyoga wa miombo, na akawa hana la kukwambia kuhusu ule ulioota mita hamsini ndani ya paina, hata kama rangi na umbo vinafanana. Kofia ya mauti, Amanita phalloides, ni ya Ulaya kwa asili, na ilisafiri na miche mpaka Afrika Kusini na Australia. Huko wahamiaji wametiwa hospitalini na kufa kwa sababu waliufananisha na uyoga wa nyumbani kwao. Ndiyo maana ndani ya paina tunafuata hatua, hatufuati kumbukumbu.

Vitu vya kubeba

Kisu kidogo. Penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu kule ni ukungu na manyunyu na wino unachuruzika. Rula. Magazeti ya zamani. Bahasha za kaki. Trei ya mayai, ya karatasi, ile ya mayai thelathini: kila shimo linabeba uyoga mmoja, haugongani na mwenzake, na unyevu unanywewa na trei yenyewe. Sijaona kifaa cha duka la vifaa vya maabara kinachoishinda. Ongeza lenzi ya fundi saa, ile ya kubana jichoni. Mitaa ya Kariakoo wanakouza spea za saa utaipata. Usibebe mfuko wa plastiki. Uyoga ukifungiwa humo unatoa jasho na kuoza kabla basi halijafika Chalinze.

Kuhusu wakati: Lushoto ina masika na vuli, hivyo una nafasi mbili kwa mwaka. Mufindi mvua ni ya msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Subiri mvua ya siku kadhaa mfululizo, kisha nenda.

Hatua ya 1: tambua mti kabla ya uyoga

Inua macho. Je, ni paina au saipresi? Mashamba mengi yana vyote viwili, bega kwa bega. Paina ina sindano zinazotoka kwa mafungu. Vuta fungu moja uhesabu, patula mara nyingi ni tatu. Saipresi haina sindano ndefu, ina majani ya magamba yaliyobanana kwenye kitawi.

Tofauti hii inakuokolea muda mwingi. Misonobari inashirikiana na kuvu wanaochipua uyoga juu ya ardhi: Suillus, Laccaria, Inocybe, Amanita na wengine. Saipresi inashirikiana na kuvu wa aina nyingine kabisa, wanaoishi ndani ya mizizi na ambao hawaoteshi uyoga wa kofia. Kwa hiyo chini ya saipresi tupu, uyoga unaouona karibu wote ni wa waozeshaji: wanaokula majani, kuni au samadi. Nusu ya orodha imeshafutika na bado hujainama.

Angalia pia kama kuna mkaratusi jirani. Mkaratusi nao una kuvu wake, na mizizi haijui mpaka wa shamba.

Hatua ya 2: unaota juu ya nini

Inama sasa. Usiung'oe bado. Piga picha ukiwa chini, simu ikiwa usawa wa uyoga, halafu fukua sindano taratibu kwa vidole mpaka uone shina linaishia wapi.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Sakafu ya paina ina tabaka la sindano linaloweza kuzidi unene wa kiganja, na uyoga unaoonekana umeota "ardhini" mara nyingi umeshika kitu kilichofukiwa: kijiti, kisiki kilichooza, koni ya mwaka juzi, mzizi uliokufa. Uyoga wa kwenye mbao na uyoga wa kwenye udongo mara nyingi ni wa koo tofauti. Kule Ulaya kuna spishi zinazoota juu ya koni tu, si kwingine. Fukua ukikuta shina linaingia kwenye koni, andika hivyo kwa herufi kubwa, maana ni dalili yenye uzito kuliko rangi ya kofia.

Andika pia kama uko peke yake, umetawanyika, au umeota kishada kwenye shina moja.

Hatua ya 3: chimbua wote

Kukata shina katikati ni tabia ya mpishi. Anayetambua anachimba. Ingiza kisu pembeni, chini ya shina, unyanyue na donge la udongo, kisha pangusa polepole. Unatafuta vitu vitatu: kifuko au mabaki ya ganda shinani, nyuzi za kuvu zimeshika nini, na kama shina linabadilika rangi kuelekea chini.

Kifuko kikionekana, acha kila kitu na udhanie ni Amanita. Hapa kuna mtego: uyoga mdogo na uyoga mchanga si kitu kimoja. Kiumbe mweupe mviringo wa saizi ya yai la kware anaweza kuwa Amanita ambaye bado hajafunguka. Mpasue wima, katikati. Ukiona ndani umechorwa uyoga kamili, kofia na shina vimejikunja kwenye nyama, huyo ni mtoto wa Amanita. Ukiona nyama tupu, ya rangi moja, ya giza au nyeupe, uko kwa wale uyoga-mpira. Na kama nyama ni ngumu na imekuwa zambarau-nyeusi ndani ya ganda nene, fikiria Scleroderma, ambao wanapenda sana misonobari na wana sumu ya tumbo.

Hatua ya 4: soma mwili wake

Pima kofia kwa rula. Kisha igeuze.

Chini ya kofia utakuta matamvua (vile vipande vyembamba vilivyopangika kama kurasa), au vitundu, au mikunjo mifupi iliyoshikana na nyama, au hakuna kitu. Vitundu vyenye rangi ya njano na kofia inayoteleza mkononi: karibu kila mara ni Suillus, na Suillus hawaishi mbali na jamii ya misonobari. Huyo umemaliza, songa mbele.

Kwa wenye matamvua, tazama yanavyokutana na shina. Yanalifikia? Yanashuka nalo? Yameishia hewani kabla hayajaligusa? Tazama yamebanana au yako mbalimbali. Tumia lenzi.

Shina: livunje. Linakatika kwa mlio mdogo, linachanika nyuzi, au linapinda bila kukatika? Kuna tone la maji ya rangi? Baadhi ya Mycena wakivunjwa hutoa utomvu mwekundu wa damu, na ukiuona hutausahau. Kuna pete? Pete ya uyoga mdogo inaweza kuwa uzi tu, na inaanguka kirahisi. Usiseme "hakuna pete" mpaka umewatazama watatu wanne wa rika tofauti.

Kofia yenyewe: ikikauka inapauka kuanzia katikati? Ina michirizi pembeni? Ina nyuzi za hariri zinazotoka kileleni kwenda ukingoni, na ukingo umepasuka? Nusa. Wengine wananuka jiki, wengine figili, wengine unga mbichi. Kuonja siruhusu. Najua wapo wazoefu wanaotafuna kipande na kutema. Waache na uzoefu wao.

Chukua picha nne: juu, chini, uyoga mzima umelazwa na shina lake, na uliopasuliwa wima, rula ikiwa pembeni. Picha nne nzuri zinazidi ishirini za kofia.

Hatua ya 5: chapa ya spora, na uifanye gesti

Hatua hii ndiyo inayowatenganisha uyoga wanaofanana. Spora ni vumbi la uzazi linalodondoka kutoka kwenye matamvua. Kwa jicho huoni chembe, ila zikikusanyika unaona rangi. Rangi ya matamvua si rangi ya spora. Uyoga wenye matamvua meupe leo unaweza kuwa na spora za kutu.

Usingoje kufika Dar. Joto letu linauozesha uyoga mdogo kwa siku moja, na umeme ukikatika hata friji haikusaidii. Fanya jioni hiyohiyo chumbani, Lushoto au Mafinga, ambako baridi inakupa usiku mzima.

Kata shina karibu na kofia. Laza kofia, matamvua chini, juu ya kipande cha kioo safi au kava angavu la plastiki la daftari. Karatasi nyeupe inafaa, ila spora nyeupe hazionekani juu yake na utadhani imeshindikana; kioo unakiweka baadaye juu ya kitu cheusi, kisha cheupe, na unasoma vizuri. Kwa kofia ndogo chini ya sentimita mbili, dondosha tone la maji juu yake ili isikauke. Funika kwa glasi. Zima pangaboi kama lipo, upepo unatawanya vumbi. Kama kuna sisimizi, weka kioo juu ya kopo lililosimama kwenye sahani ya maji. Asubuhi nyanyua kofia bila kuiburuta.

Ukikuta kioo kitupu, uyoga ulikuwa mchanga mno au umekauka. Hiyo ndiyo sababu ya kuchukua zaidi ya mmoja.

Hatua ya 6: ingiza kwenye ukoo

Sasa una mti, makazi, mwili na rangi ya spora. Nitapita haraka kwenye koo rahisi na kukaa pale penye hatari.

Spora nyeupe. Kofia ya kengele, nyembamba, michirizi inaonekana, shina jembamba lenye uwazi ndani na linalokatika upesi: Mycena. Ni wengi mno, na baadhi yao hawatofautishwi bila hadubini. Andika Mycena ulale. Usidhani udogo ni usalama: Mycena pura, yule wa rangi ya waridi-zambarau mwenye harufu ya figili, ana sumu iitwayo muskarini. Kama shina ni gumu, jembamba, jeusi au la kahawia, halikatiki ukilipinda, fikiria Marasmius au Gymnopus, na kuna jaribio zuri: mchukue aliyekauka kabisa, mtupie kwenye kikombe cha maji. Marasmius atafunguka tena, kofia itajikunjua na kurudia umbo lake. Mycena atabaki amejikunyata.

Bado kwenye nyeupe: matamvua manene, yaliyo mbalimbali, ya rangi ya nyama-pinki, shina lenye nyuzi: Laccaria, rafiki wa mizizi ya misonobari, hata kwenye vitalu vya miche huota. Na ukiona wa rangi ya chungwa, laini, matamvua yanashuka shinani na kugawanyika mara mbilimbili hadi ukingoni, huyo ni Hygrophoropsis. Watu wanamfananisha na ule uyoga wa njano wa miombo unaouzwa barabarani, Cantharellus. Tofauti iko chini ya kofia: Cantharellus hana matamvua halisi, ana mikunjo iliyo sehemu ya nyama, huwezi kuibandua kwa kucha. Ya Hygrophoropsis inabanduka.

Spora pinki: pengine Entoloma. Wengine wana sumu. Andika, funga.

Spora za zambarau-kahawia hadi nyeusi. Kishada kwenye kisiki, matamvua ya njano yenye ukijani: Hypholoma fasciculare, mchungu na mwenye sumu. Wale wepesi, wanaovunjika kwa kuguswa, wa kahawia iliyopauka: Psathyrella, na hata wataalamu wa kuvu wakiwaona wanakunja uso.

Sasa spora za kahawia, na hapa punguza mwendo.

Ukiwa na uyoga wa udongoni, chini ya paina hai, kofia yenye kichuguu katikati, nyuzi za hariri zikishuka na ukingo uliochanika, spora za kahawia kavu isiyong'aa, uko kwa Inocybe. Spishi nyingi za ukoo huu zina muskarini nyingi kuliko ule uyoga mwekundu wenye madoa meupe wa kwenye vitabu vya watoto. Spora zikiwa za kutu inayong'aa, chungwa-kahawia, na uyoga uko kwenye mbao ya paina, nyama ya njano: Gymnopilus.

Halafu kuna Galerina. Ukoo huu una spishi nyingi zisizo na lolote, na chache zinazoua; anayejulikana zaidi ni Galerina marginata. Mtazame kwa karibu. Kofia ya sentimita moja na nusu hadi tano, rangi ya asali hadi kahawia, nyororo. Ikiwa na unyevu ukingo una michirizi hafifu, ikikauka inapauka kuanzia kileleni na kuacha kofia ya rangi mbili. Matamvua ya kahawia. Shina jembamba, jeupe-hudhurungi juu, linazidi kuwa jeusi kuelekea chini. Juu ya shina, pete nyembamba ya utando, ambayo mara nyingi imepakwa kutu kwa sababu spora zimeidondokea. Kwa mzee inabaki mstari tu au haipo. Anaota kwenye mbao iliyooza, hasa ya jamii ya misonobari, na mbao hiyo inaweza kuwa imefukiwa chini ya sindano kiasi kwamba unaapa ameota ardhini. Sumu yake ni amatoksini, ileile ya kofia ya mauti. Haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kumwaga maji ya kwanza.

Kuna uyoga wa kuliwa wa Ulaya anayefanana naye sana, kwenye visiki vilevile, na wakati mwingine wanachanganyika kwenye kisiki kimoja. Kuwachanganya hao wawili kunaweza kuua. Kwa hiyo kanuni yangu kwa paina ni kavu: mdogo, wa kahawia, spora za kahawia, basi ni Galerina mpaka hadubini iseme vingine.

Wasio na matamvua nawataja kwa wepesi. Vijimatawi vya njano-chungwa, vinavyonepa kama mpira, kwenye kisiki cha paina: Calocera. Vinavyofanana na viazi vidogo, nusu vimefukiwa: Rhizopogon. Vipeto vya kahawia vilivyochanika ukingoni, vimekumbatia mche mchanga: Thelephora, anaudhi wenye vitalu lakini yeye hali mche.

Programu za simu

Zitumie, lakini baada ya hatua zote, si kabla. Zimefundishwa zaidi kwa picha za Ulaya na Marekani, na zinakupa jina la spishi kwa ujasiri hata pale picha inapoweza kuonyesha ukoo tu. iNaturalist ina faida moja: binadamu wengine wanaweza kulipinga jina. Pandisha zile picha nne, andika mti, andika rangi ya spora. Na ukisikia kijiko cha fedha kikigeuka cheusi ndiyo sumu, au kitunguu, au kwamba ulioliwa na konokono ni salama, puuza. Konokono anakula kofia ya mauti na kuendelea na safari yake.

Kama mtu ameshakula

Usisubiri dalili. Sumu ya muskarini inaonekana mapema, kuanzia dakika 15 hadi saa 2: jasho jingi, mate, machozi, mboni za macho kuwa ndogo, tumbo kukata. Hiyo ina dawa hospitalini, atropini. Amatoksini ndiyo inayodanganya. Saa 6 hadi 24 za kwanza mgonjwa hana kitu. Kisha kutapika na kuharisha vibaya. Kisha anapata nafuu, anaomba chai, ndugu wanashukuru Mungu, na ndani ya siku hizo ini linakufa. Kwa hiyo kutapika kulikoanza saa nyingi baada ya mlo ni dalili mbaya zaidi kuliko kulikoanza mara moja.

Nenda hospitali kubwa yenye kitengo cha dharura. Kwa Dar, Muhimbili. Beba uyoga uliobaki, hata maganda ya jalalani, ndani ya karatasi. Mwambie daktari saa ya kula na saa ya dalili ya kwanza. Maziwa hayaondoi sumu hii. Waliokula pamoja waende wote, hata wanaojisikia wazima.

Hatua ya 7: kukausha na kutunza

Uyoga uliokauka vizuri unadumu miaka, na bila sampuli picha zako ni hadithi. Dar jua ni kali lakini hewa ina maji. Ukianika barazani unakuwa laini tena usiku. Pasua mkubwa vipande viwili, mdogo acha mzima, weka kwenye wavu juu ya joto dogo lisilopika: jiko la mkaa lililobaki majivu ya moto, au boksi lenye balbu ya zamani ya kupasha. Umekauka ukikatika kwa mlio. Mara moja uingize kwenye bahasha, bahasha kwenye kopo la kufunga, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Juu ya bahasha andika kwa penseli: tarehe, shamba na kijiji, mti, ulichoota juu yake, harufu, rangi ukiwa mbichi, rangi ya spora. Harufu na rangi zitapotea kwenye sampuli, ndiyo maana zinaandikwa. Kipande cha kioo chenye chapa kifunike kwa kingine na ukifunge kwa gundi ya karatasi. Ukifika hapo, Idara ya Botania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya mimea iliyokaushwa, na mtu mwenye sampuli iliyoandikwa vizuri anapokelewa tofauti kabisa na mwenye picha ya kofia.

Kama safari ya Lushoto bado

Jizoeze hapahapa. Mvua za masika zikianza, tembea kwenye nyasi za uani au za kanisa na msikiti. Kwenye matawi makavu ya mwembe utamkuta Schizophyllum, uyoga mdogo wa kijivu wenye manyoya. Mgeuze, tumia lenzi, utaona kila tamvua limepasuka katikati kwa urefu wake. Kwenye nyasi huota uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia, unaovutia kweli kupikwa: Chlorophyllum molybdites. Unatapisha vibaya. Chukua kofia moja iliyofunguka, ilaze kwenye kioo jioni, zima pangaboi, na asubuhi utapata chapa ya kijani, rangi ambayo karibu hakuna uyoga mwingine wa kofia anayeitoa.